Mwosha na Baiskeli Yenye Injini

Mtu mmoja tu, tangu nirudi Msambweni, amewahi kuniambia kwamba nimekosea nami nikanyamaza. Si mwanasiasa, si mkaguzi wa serikali, si mwalimu wa chuo. Ni mzee wa Gazi anayeosha maiti. Sote tunamwita Mwosha, hata wajukuu zake humwita hivyo, nami hapa nitamwita hivyo. Kwao ni wapi na babaye alikuwa nani, waulizeni wanaopenda nasaba. Mimi naandika niliyoyaona.

Nijitambulishe kidogo, ili mjue aliyenyamazishwa ni nani. Diploma yangu ya ufundi wa magari niliilipia mwenyewe kwa kubeba mifuko ya saruji. Nikaenda Ghuba, nikafanya kazi miaka tisa kwenye gereji ambayo gari lake moja lingenunua mtaa mzima wa kwetu na visima vyake. Nikarudi, nikajenga gereji yangu kando ya barabara kuu, ya mawe, si ya mabati. Hakuna aliyenishika mkono. Diploma nimeitundika ukutani, mahali ambapo mteja hawezi kukosa kuiona. Siku ya kwanza Mwosha alipoingia aliitazama kwa muda mrefu.

"Na hii inasema unajua nini, mwanangu?"

"Inasema najua injini."

"Na barabara je?"

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa wazee.

Mikono yake ni midogo kuliko unavyotarajia, viganja vimechakaa kwa maji na sabuni, kucha zimekatwa hadi kwenye nyama. Ukimwamkia shikamoo huitikia marahaba, kisha humuulizia kila mtu wa nyumbani kwako kwa jina lake, mmoja mmoja, na mbuzi akikumbuka. Watani husema anahesabu wateja. Vijana wa bodaboda wa pale stendi walikuwa wakimwona wanamrushia methali yake: "Mwosha huoshwa, Mzee!" Naye hujibu bila kugeuka, "Ndiyo maana naosha vizuri. Nangoja zamu yangu."

Kuosha haoshi kwa malipo. Ukimpa bahasha huirudisha, ukimpa kuku humfungua kamba akamwacha uani kwako. Lakini mtu huyo huyo akienda kununua samaki Gazi atabishana na mama muuzaji mpaka mama achoke.

"Mwosha, chukua bure uondoke."

"Bure sitaki. Punguza."

Amewaosha waliozama na kukaa majini siku tatu, wala hakugeuza uso. Lakini sindano haiwezi. Aliwahi kutoka zahanati kupitia dirishani, muuguzi amesimama na pamba mkononi. Na walio hai huwakemea kama asiyejua kuwa nao wana moyo. Nilimwona akimtoa nje mtoto mkubwa wa marehemu kwa sababu alipokea simu chumbani mwa kuoshea. Kisha akarudi kwenye maiti, akatia kiwiko majini kupima joto lake, kama mama anayemwogesha mtoto mchanga. Mtu akamwambia, "Mwosha, maiti hadhuriki na maji baridi."

"Wewe umejuaje? Umewahi kuwa maiti?"

Sasa, jambo lililomleta gerejini kwangu lilikuwa magoti. Kwetu mtu akifa alfajiri huzikwa kabla ya jua kuchwa, na akifa mchana watu hawapendi alale. Kwa hiyo mwoshaji ana saa chache za kufika, na huyu alikuwa akiitwa Ramisi, Kinondo, Mivumoni, kokote. Kwa miaka mingi alikwenda kwa baiskeli nyeusi ya chuma, sanda na karafuu maiti zimefungwa nyuma. Magoti yakavimba. Mara mbili alifika watu wameshachoka kungoja, wamemwosha maiti wao kwa kubahatisha.

"Panda bodaboda," nikamwambia. "Ziko kama siafu."

"Nimepanda. Tukifika kwenye kizuizi, kijana anatoa mkono, anampa askari, tunapita. Nikiwa nyuma yake, akitoa yeye nimetoa mimi."

"Hiyo ni dhambi ya kijana."

Akainua mikono yake yote miwili, akanionyesha. "Mimi siwezi kufika kwa maiti na mkono uliotoka kutoa rushwa, kisha nikasema mkono huu una udhu."

Jambo hili alishawahi kulibishania na imamu wa msikiti wao. Imamu alimweleza kwa upole kwamba yanayotengua udhu yanajulikana, na rushwa, ingawa ni haramu, haimo katika orodha. Mwosha akamjibu, "Wewe ni mwenye orodha, mimi ni mwenye mkono." Yakaishia hapo. Ndiyo maana nasema, mzee huyu shida yake ilikuwa moja tu, nayo haikubadilika hadi mwisho: kumfikia maiti kabla ya muda kupita, na kufika bila kuinunua njia.

Nikamtengenezea dawa. Niliagiza kutoka Mombasa injini ndogo ya petroli, ya kufungwa katikati ya fremu, nikaweka tangi mfano wa nazi iliyofuliwa juu ya bomba la mbele, mnyororo wa pili upande wa kushoto, klachi kwenye mkono wa usukani. Fundi mwingine wa pwani hii angeifunga kwa waya. Mimi nilichonga vishikio vya chuma, kila nati na mahali pake. Ilipowaka ililia kama mashine ya kusaga unga iliyo mbali. Nilijivuna, na bado najivuna.

Mwosha akauliza, "Na polisi?"

Hapa ndipo niliposema neno ambalo ningelimeza leo kama ningeweza. Nilisema, "Ina pedali, basi ni baiskeli. Hawana la kukuambia. Mimi ndiye nakuambia."

Akaniamini. Aliyaamini yale maandishi ya ukutani.

Alishikwa wiki ya tatu, akienda kumwosha mkulima mmoja upande wa Ramisi. Askari wa kizuizini alikuwa mtu wa bara, kwao pikipiki huitwa nduthi. Mwosha alinisimulia maneno yao yote, kwa sauti zao.

"Mzee, hii ni nduthi ama ni baiskeli?"

"Ni baiskeli, mwanangu. Ina pedali."

"Na hii inanguruma ni nini, ni pedali?"

Akaambiwa atoe kitu ya chai. Hakutoa. Akapelekwa kituoni akakaa huko hadi magharibi. Yule mkulima akaoshwa na shemeji zake, ambao hawakujua waanzie upande gani, na mjane akasikia wakiulizana kwa sauti nyuma ya pazia. Mwosha hilo halijamtoka mpaka leo. Siku ya kukaa kituoni hakuitaja tena. Ya mjane ameitaja kwangu zaidi ya mara kumi.

Mahakamani nilikwenda nikiwa nimevaa suti, nimeandaa hotuba. Sikupewa nafasi. Hakimu alimuuliza kama anakubali kosa. Wenzake wa siku ile wote walikuwa wakitafuta huruma, huyu mama mgonjwa, yule hakuelewa. Mwosha akasema, "Nilipanda, Mheshimiwa. Fundi aliniambia si kosa. Lakini fundi hakupanda, nilipanda mimi."

Mimi ni mtu ambaye nimewahi kumjibu meneja wa Kizungu mbele ya wafanyakazi wake. Siku ile niliangalia viatu vyangu.

Akalipa faini dirishani, akaomba risiti. Karani akamwambia asubiri, akasubiri. Ile risiti ameitia plastiki, na mtu akimwonea huruma kwa ajili ya siku ile huitoa: "Hapana, hii nimelipa. Hii ina mhuri." Kwake kuna tofauti kubwa kama bahari kati ya shilingi yenye mhuri na isiyo nao.

Kisha akaja gerejini, akaweka ile karatasi ya mashtaka juu ya meza yangu. "Soma, mwenye diploma."

Nikasoma. Nikatafuta na sheria yenyewe nikaisoma, jambo nililopaswa kulifanya mwanzo. Sheria, kumbe, haiulizi kama kuna pedali. Inauliza ni nini kinachoisukuma. Ikisukumwa na miguu yako ni baiskeli. Ikisukumwa na injini ni pikipiki, hata ukiipaka rangi ya punda. Inataka kusajiliwa, inataka nambari, bima, taa, kofia ngumu, koti la kumeta, na mpandaji mwenye leseni ya daraja la pikipiki.

"Tuing'oe injini," nikasema.

"Nani kakwambia tuing'oe? Tutaihalalisha."

Watu walitucheka. Stendi nzima ilikuwa na pikipiki za kiwandani zisizo na bima, na hapa mzee anataka kuisajili baiskeli. "Mpe askari hamsini yake, Mzee, maisha yaende." Lakini mimi hunijui ukinicheka. Nilifanya kazi ile kama nafanya mtihani. Nikatoa breki za vipande vya mpira, nikatia breki za pikipiki mbele na nyuma. Nikatia taa, viashiria vya kukatia kona, vioo viwili, honi. Nikagonga nambari ya fremu kwa mkono, nikachora michoro ya vipimo, nikaambatisha risiti ya injini. Mkaguzi wa kwanza akaikataa bila kuinuka kitini. Tukarudi. Wa pili akasema taa ya nyuma iko chini mno. Tukaipandisha. Mara ya tatu alikuja mkaguzi aliyeizunguka mara mbili, akaipanda mwenyewe, akarudi akitabasamu, akauliza nimesoma wapi. Nilimwambia. Miezi kumi na moja, na hatukutoa hata soda.

Na yeye akaenda shule ya udereva. Kule kuna ubao wenye mji wa kuchora, una barabara na mizunguko, na mwanafunzi husogeza kigari kidogo cha kuchezea huku akieleza afanyacho. Mwosha hakutaka kuaibika. Alichora mji ule mchangani nyuma ya nyumba yake, akafanya vifuu vya nazi kuwa magari. Nilimkuta siku moja na wazee wenzake wawili, wamechuchumaa, wanabishana kuhusu nani apite kwanza kwenye mzunguko.

"Aliye kulia kwako," Mwosha anasema.

"Hata akiwa mdogo kwangu?" mmoja akauliza.

"Hata akiwa mdogo. Huko hakuna shikamoo."

Alifaulu mara ya kwanza. Alipoleta leseni akaiweka juu ya meza yangu, pale pale alipoweka karatasi ya mashtaka.

"Na wewe unayo?"

"Mimi nimeendesha magari ya wakubwa Ghuba, Mwosha."

"Nimeuliza ya pikipiki."

Sikuwa nayo. Ya gari ninayo. Ya pikipiki niliona ni mambo ya vijana wa stendi. Baiskeli ile nilikuwa nikiijaribia ndani ya uwanja wa gereji tu. Nikamwambia nitaenda. Kila tulipoonana baada ya hapo, akimaliza kuulizia watu wa nyumbani na mbuzi, alimalizia, "Na leseni?"

Alikuwa kichekesho barabarani, sikatai. Kofia ngumu aliivaa juu ya kofia ya kiua. Penye mwinuko alikuwa akipiga pedali injini ikiwaka, "niisaidie, nayo ni kiumbe wa kazi." Hakupita kasi ya mbio za mbuzi. Lakini kila kizuizi alisimama kabla hajasimamishwa, akazima, akatoa mkoba wa plastiki wenye karatasi zote, akasema, "Asalamu aleikum, wanangu. Kagueni." Wengine walikagua, wakacheka, wakampisha. Wengine walichukia, maana mtu asiye na kosa ni hasara. Mmoja aliyekuwa akimzungusha akamwambia, "Mzee, kwani wewe huwezi kuwa kama wengine?" Mwosha akamjibu bila ukali, "Nimewaosha waliotoa na nimewaosha waliopokea. Maji ni yale yale." Yule askari, nasikia, hakumgusa tena.

Basi, nifike kwa baba yangu.

Alifariki alfajiri, nyumbani Msambweni, baada ya kuugua kwa muda. Alikuwa ameshasema: nikifa, aitwe Mwosha, wengine wakae. Na mimi, mwanawe mkubwa, nilikuwa nimejiwekea jambo moja: kumshikia maji. Nilikuwa Ghuba mama alipokufa, nilimzika kwa simu. Baba niliapa nitamwosha kwa mikono hii. Nikampigia Mwosha, akasema anatoka Gazi sasa hivi. Mazishi yakapangwa baada ya adhuhuri.

Saa tatu ikapita. Saa nne ikapita. Kisha simu yake. "Nipo kizuizini. Huyu ni mgeni, amehamishiwa hapa juzi. Anasema ina kosa."

"Kosa gani? Karatasi zote zipo."

"Anasema pikipiki haiwi na pedali."

Ningecheka kama si siku ile. Mara ya kwanza alishikwa kwa kuwa baiskeli yake ina injini, sasa anashikwa kwa kuwa pikipiki yake ina pedali. Nikamwambia, "Nipe nizungumze naye. Nitamtumia chochote anachotaka, hapo hapo."

"Baba yako sitamfikia kwa mlango huo," akasema, akakata.

Binamu yangu alinipeleka kwa gari lake. Tulimkuta Mwosha ameketi kwenye jiwe kando ya miiba ya chuma iliyotandazwa barabarani, kofia ngumu kichwani, mkoba magotini. Baiskeli yake ilikuwa imeegemezwa kwenye gari la polisi. Askari alikuwa kijana mwenye miwani myeusi.

"Wewe ndio mwenye matanga?" akaniuliza. "Pole sana. Ongea na mzee wako. Anataka nimwandikie, na mimi sina haja ya kumuandikia. Ni kitu kidogo tu, kila mtu aende."

Mkono wangu ulikuwa tayari mfukoni. Noti nilikuwa nimeshazikunja. Mwosha akauona.

"Toa mkono mfukoni."

"Mwosha, jua linapanda."

"Naliona. Toa."

Nikatoa, mtupu. "Basi panda gari twende. Baiskeli tutaifuata."

"Nikiiacha bila karatasi, jioni nitaambiwa haikuwahi kuwapo hapa. Kisha mtu mwingine akifa kesho, nitamfikia na nini?" Akaniangalia. "Kaa wewe. Mimi niende na gari."

"Mimi ni mtoto wa marehemu. Nakwenda kumshikia maji baba yangu. Unajua."

"Najua. Ndiyo maana sikumwomba binamu yako. Aliyeitengeneza ni wewe, na aliyeniambia hawana la kuniambia ni wewe. Ukiona huwezi, mpe ulichokikunja, nami nitarudi Gazi, mtafute mwoshaji mwingine."

Lori moja lilipita, nikamwona dereva akitoa mkono dirishani, askari akapokea kama anavyopokea salamu. Nikaketi kwenye jiwe. Mwosha akanipa mkoba wake, akaingia garini na kofia ngumu yake, wakaondoka.

Nilikuwa nimevaa kanzu nyeupe ya mazishi. Nikatoa kalamu na kijitabu changu cha gereji.

"Na wewe msomi, utakaa hapa mpaka lini?"

"Mpaka uandike kosa."

"Kosa iko."

"Basi liandike."

Hakuandika. Mimi ndiye niliyeandika. Lori lililofuata lilipopunguza mwendo, dereva akaona mtu wa kanzu nyeupe ameketi na kalamu anatazama namba yake. Mkono ukarudi ndani. La pili hivyo hivyo. Matatu ikapita, kondakta akatutazama, akaangalia mbele kama mtu anayesali. Askari akaja akasimama mbele yangu kunikinga jua na njia. Nikahamia upande wa pili wa jiwe.

"Unaandika nini?"

"Namba. Napenda namba. Nina diploma."

Alivumilia karibu saa mbili. Mavuno ya asubuhi nzima yalimpita mikono ikiwa tupu, na mwenzake akaanza kumlaumu kwa lugha yao. Mwishowe akaisukuma baiskeli hadi kwangu.

"Chukua takataka yako uende. Umeniharibia siku."

"Na kosa?"

"Nimesema uende. Washa uende, umzike mzee."

Nikashika usukani. Adhuhuri ilikuwa imeshaadhiniwa. Nyumbani palikuwa kilomita nne. Injini niliyoifunga kwa mikono yangu ingenifikisha kabla sala haijamalizika.

"Sina leseni ya pikipiki," nikasema.

Akavua miwani, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Sasa si ni baiskeli? Piga pedali basi. Mimi nimekuruhusu. Nani atakushika?"

Karatasi za mkobani zilisema ni pikipiki, hata ikipigwa pedali. Nikaisukuma. Kilomita nne, kwa miguu, na kanzu, lami ikinuka. Vijana wa stendi waliniona nikipita. "Fundi, imekufa?" Vyuma nilivyovisifu miaka yote sikujua kuwa ni vizito hivyo.

Walikuwa wameshamwosha, wameshamsalia, wameshamteremsha. Nilipofika makaburini watu walikuwa wakipanga viunza, zile mbao za kumfunika maiti kabla ya mchanga. Nikaiegemeza baiskeli kwenye ukuta. Nilikuwa nimelowa jasho, nimechelewa kwa baba kama nilivyochelewa kwa mama, na nilikuwa na maneno tayari ya kumwambia yule mzee.

Mwosha akatoka katikati ya watu. Hakunitazama mimi. Alikwenda moja kwa moja kwenye baiskeli, akainama kwa magoti yale mabovu, akaweka kiganja chake kwenye bomba la moshi, taratibu, kama apimavyo maji. Lilikuwa na joto la jua tu, si la injini.

Akainuka. Akaonyesha kiunza kimoja kilichobaki juu ya mchanga, kando ya kaburi.

"Nimewazuia wasikiweke," akasema. "Kausha mikono, mwanangu. Ingia umfunike baba yako."